Watembeaji Wepesi wa Bonde la Miriu

Ijumaa tarehe 20 Oktoba 1989, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, manyunyu yalikuwa yamekatika, upepo haukuwapo, na ukungu wa kimo cha magoti ulikuwa umetanda juu ya mto Sondu Miriu. Chini ya daraja la Sondu maji yalipita mekundu, yakishuka na udongo wa mvua iliyonyesha Kericho. Juu ya daraja, Bwana Dishon Oketch, mwenyekiti wa Chama cha Matembezi ya Kikristo cha Kisumu, alipuliza filimbi mara mbili na kuanza kuita majina.

Wanachama walikuwa sita. Wa kwanza alikuwa Dishon mwenyewe, aliyejiita na kujiitikia. Wa pili alikuwa mkewe, Agneta. Wa tatu alikuwa Bi Perez Aoko, katibu, muuguzi mstaafu ambaye goti lake la kushoto lilitabiri mvua. Wa nne alikuwa Ndugu Wanyonyi, aliyeuza bima za maisha mjini. Wawili wa mwisho walikuwa wachumba, wafanyakazi wa benki, waliotarajia kufunga ndoa baada ya Pasaka na ambao kwa sasa walishikana mikono wakati wa sala ya pamoja tu. Kila mmoja alivaa fulana ya kijani iliyoandikwa kifuani kwa herufi nyeupe: MZIGO WA MMOJA NI WA WOTE.

Mtu wa saba hakuitwa. Huyo alikuwa Metrine Nekoye, aliyefanya kazi nyumbani kwa Dishon, akijulikana kama msichana wa kazi ingawa alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na mtoto wa miaka minne. Alikuwa ameletwa kwa ajili ya chai na ugali. Fulana hakuwa nayo, kwa sababu fulana zilichapishwa kwa kufuata orodha, na Dishon hakuwa mtu wa kuongeza jina chini ya orodha iliyokwisha kupigwa mstari.

Ni haki kueleza kwamba Dishon alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, na kwamba alisoma katika shule ya bweni ambamo wavulana waliamshwa kwa kengele saa kumi na moja, wakaoga maji baridi, na kukaguliwa kucha. Alivaa tai ya shule hiyo hata matembezini, juu ya fulana. Aliamini kwamba mtu anayechelewa dakika tano atachelewa pia kutubu.

Metrine alikuja kwa ahadi. Binti yake, Nabututu, alikuwa Chwele kwa nyanya yake, na Metrine hakuwa amemwona kwa mwaka mmoja na miezi kumi. Katika barua ya mwisho, nyanya alieleza kwamba mtoto sasa humwita yeye Mama, na kwamba ile picha ya Metrine iliyo ukutani huiita "shangazi wa Kisumu". Ruhusa yake ya wiki mbili ilikuwa imeahirishwa mara ya kwanza kwa sababu ya ziara ya askofu, na mara ya pili kwa sababu ya mguu wa Agneta.

"Safari hii tu, Metrine," Agneta alikuwa amemwambia jikoni. "Ukitusaidia huko mtoni, Desemba unaenda kwenu wiki mbili. Nimekupa neno langu."

"Tarehe ngapi, Mama?"

"Tarehe si shida."

Msafara uliondoka darajani saa kumi na mbili na nusu, ukiufuata mto upande wa kushoto kuelekea ziwani. Wanachama walibeba kila mmoja mkoba wake mgongoni. Metrine alibeba jiko la mafuta ya taa, birika, sufuria mbili, unga, na kamba ya katani ya kufungia hayo yote.

Saa mbili kasoro dakika kumi, Ndugu Wanyonyi alisimama ili afunge kamba ya kiatu.

"Dada yangu," alimwambia Metrine kwa Kibukusu, kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa Bungoma, "nishikie begi kidogo."

Metrine alilishika. Wanyonyi alifunga kiatu, akainuka, akasifu mandhari ya bonde, na kuendelea na safari. Mtembeaji mwenye nidhamu hufunga viatu vyake kabla ya filimbi, lakini hilo si jambo la kulijadili hapa. Nusu saa baadaye wachumba walihitaji kuvuka kijito wakiwa na mikono mitupu. Baada yao, goti la Bi Perez lilitabiri mvua. Kila mmoja alisema kidogo, na hakuna njia ya heshima ya kukataa kidogo. Kufikia saa nne Metrine alikuwa amevaa mikoba miwili mgongoni, miwili kifuani, na miwili juu ya kichwa pamoja na sufuria, na alikuwa ametangulia mbele ya wote kwa kuwa mzigo ulimsukuma mteremkoni.

Saa nne na dakika arobaini Agneta alimkabidhi mkoba wake wa mkononi, wenye Biblia, kitabu cha nyimbo na mwavuli. Miguu ya Agneta iliiacha ardhi. Alipanda polepole, wima, hadi kiasi cha mita moja na nusu, akatulia hapo huku sketi yake ikiwa imekaa vizuri.

"Agneta, umepanda," Dishon alisema.

"Nimeona. Endeleeni tu."

Hakuna aliyeshangaa. Kwa watu walioamka saa kumi na moja na kusali, mshangao ni dalili ya maandalizi duni. Bi Perez alitazama saa na kuandika tukio katika daftari la kumbukumbu, kisha akaona daftari nalo lina uzito, akampa Metrine, na kupanda. Wanyonyi alifuata alipotoa kofia. Wachumba walipanda pamoja, wakashikana mikono kwa sababu za usalama, na Dishon akaliruhusu hilo kwa kuinamisha kichwa mara moja.

Dishon alikuwa wa mwisho. Alitembea peke yake chini ya wenzake kwa zaidi ya saa nzima, akiwa na rejista ya majina kwapani. Saa sita kasoro dakika tano jasho lilifunika miwani yake.

"Metrine, hebu shika rejista."

Alipomaliza kufuta miwani alikuwa amefika usawa wa mkewe. Filimbi ilikuwa bado shingoni, lakini filimbi si mzigo.

Tatizo pekee lilikuwa mwelekeo. Mchana upepo wa ziwani hupanda bondeni, na upepo huo ulimchukua Wanyonyi hadi kwenye mgunga, ambako miiba ilimshika fulana. Metrine alimtoa kwa mwiko wa ugali. Kisha alitua mizigo, akafungua kamba ya katani, na kuwafunga viunoni mmoja baada ya mwingine kwa fundo ambalo baba yake alilitumia kwa maksai, ambalo halikazi wala halifunguki. Ncha ya kamba aliizungusha mkononi mwake mara tatu.

"Dada, unafunga kama ng'ombe," Wanyonyi alilalamika.

"Ng'ombe hatuwafungi kiunoni," Metrine alisema.

Wakati wa chakula cha mchana Dishon aliongoza tafakuri fupi. Alisema kwamba wepesi ule ulikuwa neema, na kwamba neema haiulizwi imetoka wapi. Agneta alishuhudia kwamba mguu uliomsumbua tangu Machi hauumi tena. Ugali na omena viliwashusha kwa kiasi cha shibiri moja, na kabla ya saa tisa walikuwa wamerudi mahali pao. Hakuna aliyetazama nyayo za Metrine, ambazo katika udongo mkavu zilikuwa zimefika kina cha kifundo cha mguu. Maji yalijaa ndani yake kabla ya jioni, na wenyeji wa upande ule, ambao si watu wa kupoteza shimo lililokwisha kuchimbwa, walipanda nduma humo.

Jioni walipokelewa katika shule ya msingi iliyo juu ya ukingo. Ushuhuda wa siku ulitolewa usawa wa mihimili ya paa, nao walilala hapohapo, chini ya mabati, baada ya Metrine kuifunga kamba kwenye dawati la darasa la sita. Kabla ya kulala Agneta alimkumbusha aamke mapema kwa ajili ya uji.

Jumamosi asubuhi, anga ikiwa safi, mzee mmoja alitoka shambani akawaomba wasogee kidogo kwa kuwa kivuli chao kilikuwa kimeangukia mtama alioanika. Walisogezwa. Mbele kidogo walimkuta naibu wa chifu amesimama njiani, kofia yake ikiwa chini ya kwapa.

"Kibali ya mkutano iko wapi?" aliuliza, akitazama juu.

"Hatuna mkutano," Dishon alijibu. "Sisi tunatembea."

"Mwalimu, mimi sioni mguu inatembea. Naona watu sita wamekusanyika mahali pamoja."

"Tumekusanyika hewani, Bwana Naibu. Sidhani hewa iko katika kata yako."

Naibu wa chifu aliwaza. Alikuwa mtu mwangalifu, na alijua kwamba katika mwaka ule kosa la kuruhusu mkutano lilikuwa kubwa kuliko kosa la kutouona. Aliinama, akahesabu miguu iliyogusa ardhi, akapata miwili.

"Anayetembea hapa ni mmoja," alisema kwa faraja. Alitoa daftari akaandika, huku akisoma kwa sauti: "Mwanamke mmoja. Ametoka Sondu. Anaenda ziwani. Ako na mizigo."

Dishon alinyoosha tai yake. Maandishi ya serikali hayasahihishwi kutoka juu.

Saa tatu unusu walikutana na mama mmoja aliyekuwa akipeleka ndizi soko la Katito. Alitua kapu lake akawatazama kwa makini, kama mtu anayechagua kuku.

"Ero! Hawa ni wa kanisa gani?"

Metrine alimtajia.

"Na wewe wa chini?"

"Mimi ni wa jikoni."

"Wa jikoni ndiye amebeba kanisa," yule mama alisema, akacheka hadi akashika mbavu. "Haya, nani anataka ndizi huko mbinguni?"

Wanyonyi alitaka. Mama alimrushia mkungu mdogo, naye akaudaka, na papo hapo akashuka hadi vidole vyake vya miguu vikagusa majani. Wote waliona. Yule mama, ambaye hakuwa amesoma fizikia, alisema, "Kumbe dawa ni kubeba," akajitwika kapu na kushika njia yake.

Wanyonyi aliitazama ile mikoba iliyokuwa juu ya Metrine, akautambua wake, akala ndizi nne upesi na kugawa zilizobaki. Alipanda tena.

Bi Perez pekee ndiye aliyesema, "Metrine, hebu nipe begi yangu." Alilishika, akashuka, akatembea kando ya Metrine kwa mita mia tatu, akimweleza juu ya miaka yake katika wadi ya watoto. Nyayo za Metrine zilipungua kina kwa kiasi ambacho kingeweza kupimwa kwa rula. Kisha goti lilianza.

"Mwanangu," Bi Perez alisema, "nishikie kidogo."

Chama kilijadili jambo hilo hewani, kwa utaratibu, mwenyekiti akitoa nafasi ya kusema kwa yeyote aliyeinua mkono. Wachumba waliuliza kama haifai kila mtu achukue mkoba wake. Agneta aliuliza kama inafaa kuirudisha zawadi usoni mwa aliyeitoa. Wanyonyi alisema kwamba kitaalamu, kwa mtazamo wa bima, aliye juu hawezi kujikwaa. Iliamuliwa kwamba kushuka kwa makusudi kungekuwa utovu wa shukrani. Metrine hakuulizwa, kwa kuwa hakuwa mwanachama, na zaidi ya hayo alikuwa akivuka kijito chenye mawe ya utelezi.

Saa nane alasiri walifika juu ya maporomoko ya Odino. Hapo mto hujitupa chini kwa kelele, njia hubanwa na mwamba hadi upana wa kwato, na upepo wa ziwani hupanda korongoni kwa nguvu. Upepo uliwachukua wale sita ukawatandaza juu ya shimo, wakiwa wamepangika kwenye kamba kutoka kwa mwenyekiti hadi kwa wachumba, fulana za kijani zikipiga makofi. Dishon, mwanamume wa kilo themanini na tatu siku za kawaida, alitazama chini kati ya viatu vyake na kuona povu.

Metrine alisimama. Mkono wa kulia ulikuwa umezungushiwa kamba. Mkono wa kushoto ulishika jiko, birika na rejista.

"Mama," alisema.

"Nini?"

"Ile ruhusa ya Desemba."

"Metrine! Hapa?"

"Nyumbani ulisema si wakati. Kanisani ukasema si mahali. Nikaona hapa hakuna wageni."

"Mambo ya nyumbani huzungumzwa nyumbani," Dishon alisema kwa sauti ya darasani, ambayo maji yaliimeza nusu yake. "Tena shuleni kwetu hakuna aliyeuliza swali kabla ya kuinua mkono."

"Pole, Mzee. Wacha niinue."

Alianza kuinua mkono aliokuwa nao wa kuinua, na mzunguko wa kwanza wa kamba ulifunguka.

"Usiinue!" walisema wote sita.

Hilo lilikuwa azimio la kwanza katika historia ya chama kupitishwa bila kupingwa. Ikumbukwe kwamba Metrine hakuwa amepanga kumwachilia mtu yeyote. Aliambiwa utaratibu, akaufuata.

"Dada yangu," Wanyonyi aliita kwa Kibukusu, "sisi ni watu wa nyumba moja, si unajua? Shika vizuri."

Metrine alimjibu kwa lugha hiyohiyo kwamba kama ni wa nyumba moja basi aje achukue begi lake. Wanyonyi aliweka mkono sikioni kuonyesha kwamba kelele za maji ni nyingi.

"Wiki mbili!" Agneta alisema. "Utapata, Metrine. Utaenda."

"Tarehe, Mama?"

"Kumi na sita!"

"Mpaka?"

"Mpaka ya thelathini. Utafikia Krismasi huko. Metrine, shika!"

"Na Mzee?"

Upepo ulimgeuza Dishon kichwa chini, miguu juu, tai ikamfunika uso. Akiwa katika hali hiyo alisema, kwa sentensi kamili, kwamba yeye kama mkuu wa nyumba anaafiki, na kwamba neno la mtu aliyesoma alikosoma yeye halihitaji shahidi. Shahidi alikuwapo hata hivyo, na idadi yake ilikuwa wanne. Metrine alishukuru. Aliurudisha mzunguko wa kamba mkononi, akaongeza wa nne, na kuwashusha korongoni hatua kwa hatua, kisigino kwanza, akichonga mwambani ngazi ambazo wachungaji wa mbuzi wa Nyakach walianza kuzitumia wiki iliyofuata. Viganja vyake vilitoka ngozi. Bi Perez, aliyeona damu kwenye katani, alimwelekeza kutoka juu namna ya kufunga kidonda.

Jumapili saa nne asubuhi, jua likiwa kali na ziwa limetulia, walifika mahali mto unapoingia ziwani. Ibada ilifanyika ufuoni. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walivua kofia wakati wa sala na kuzivaa baada yake. Mmoja wao alimwendea Dishon, akamsalimu kwa adabu, na kumwomba, kwa kuwa alikuwa juu, awaangalizie mbuta wameelekea upande gani. Dishon alijibu kwamba leo ni Jumapili. Mvuvi alisema hakuna tatizo, angeuliza kesho, mwalimu akiwa bado juu.

Wakoli, dereva wa gari la kanisa, alikuwa akiwasubiri chini ya kivuli cha kibanda cha samaki. Alizunguka kundi zima mara moja, akiwatazama kutoka chini kama anayekagua ekseli.

"Mimi gari yangu iko na turubai," alisema. "Juu haina chuma. Mtu akipaa Ahero, mimi sirudi kumtafuta. Kila mtu apakate begi yake."

Na dereva hakuna anayebishana. Kila mmoja alichukua mkoba wake kutoka kwa Metrine, na kila mmoja alishuka, na safari ya kwenda Kisumu ilifanyika kwa uzito wa kawaida. Agneta alilalamika kwamba mguu umeanza tena.

Jumapili iliyofuata Dishon alitoa taarifa kanisani kwa dakika ishirini na mbili. Alieleza neema ya Miriu kwa mpangilio, siku ya kwanza hadi ya tatu, na hakudanganya katika neno lolote, ila hakufikia sehemu ya kamba. Watu kumi na wanne walijiandikisha baada ya ibada, wakiwamo mzee wa kanisa na mkewe mnene, aliyeuliza mara mbili kama kweli ni kwa wote. Matembezi ya pili yalipangwa kufuata mto Yala, kuanzia tarehe kumi na nane Desemba. Fulana ishirini ziliagizwa. Juu ya meza ya jikoni Metrine alikuta kamba mpya ya katani, ndefu mara tatu ya ile ya kwanza, imekunjwa vizuri na kuwekewa kikaratasi: *Chama*.

Jioni ya Jumanne alimpelekea Dishon chai barazani na kusimama.

"Mzee, mimi naenda tarehe kumi na sita, au vipi?"

Dishon aliweka gazeti chini. Alikuwa mtu wa haki, na hakukwepa jambo.

"Ni kweli tuliahidi," alisema. "Nakumbuka maneno yangu yote. Lakini ahadi ile niliitoa miguu ikiwa juu. Shuleni kwetu iliitwa ahadi ya woga, na mwanamume hafungwi na woga wake, kwa sababu akifungwa nao atazoea kuogopa. Ni suala la tabia. Hata hivyo, ruhusa za nyumbani ni za Mama. Muulize Mama."

"Ndiyo, Mzee."

"Chai hii ni nzuri."

Metrine alingoja hadi Jumapili. Baada ya ibada alirudi nyumbani nyuma ya Agneta, akiwa na barua mpya kutoka Chwele ndani ya blauzi. Mwalimu wa Chwele aliyemwandikia nyanya barua hiyo alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa niaba ya mtoto: Nabututu anauliza kama shangazi wa Kisumu anakuja na mkate au anakuja bure. Jua lilikuwa la saa saba, barabara ilikuwa na vumbi, na Agneta alikuwa na kikapu cha nyanya na samaki alichonunua njiani. Walipofika langoni alisimama kutafuta ufunguo.

"Metrine, nishikie kidogo."

Metrine alishika kikapu. Agneta alipanda, na kwa kuwa upepo wa ziwani ulikuwa umeanza, alielekea upande wa ua wa jirani. Metrine alimkamata kwa pindo la gauni. Mwanamke wa jirani, aliyekuwa akianika nguo, aliwasalimu wote wawili, wa juu kwanza.

"Mama," Metrine alisema, pindo likiwa mkononi, "ile Desemba."

"Tutakuwa watu ishirini huko Yala, Metrine. Nani atashika kamba?"

"Kila mtu anaweza kubeba begi yake, Mama. Wakoli aliwaonyesha."

"Wakoli ni dereva."

"Lakini Mama uliahidi. Ulisema kumi na sita mpaka thelathini."

"Niliahidi," Agneta alikubali bila kusita, kwa kuwa hakuwa mwongo, na kwa kuwa kutoka pale alipokuwa aliweza kuuona ufunguo, ambao alikuwa ameusahau juu ya dirisha. "Hilo ni deni langu kwako, silikatai."

"Kwa hivyo naenda?"

"Hapana," Agneta alisema kutoka juu. "Na usinivute hivyo, nguo hii ni ya kanisani."